Benzi ya Baba na Milimita 32 Zilizojificha

KONA YA GEREJI: MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Shikamoo fundi. Baba alituachia Mercedes 200, ile W123, ya mwaka 1982. Ililala uani hapa Nyegezi miaka sita chini ya mwembe. Mwaka huu nimeifufua na inatembea. Rimu zake za chuma za inchi 14 zilikuwa zimeliwa na kutu, nikanunua nne za mtumba pamoja na tairi zake kwa laki sita. Ni za aluminiamu, za Benzi ya kisasa, na nyuma zimeandikwa 7J x 16 H2 ET43. Tairi ni 205/55 R16. Matundu matano yamelingana na katikati pameingia bila kulazimisha. Shida ni kwamba nikikata usukani mpaka mwisho kuna kitu kinasugua, zaidi mbele kushoto. Fundi mmoja anasema niweke spesa, zile sahani za kusogeza rimu nje, za milimita 20. Mwingine anataka kukata bati la ndani kwa grenda, eti dakika tano tu. Mdogo wangu anasema nisiwe nakata usukani mpaka mwisho, yaishe. Nimsikilize nani?

Mrithi, Nyegezi

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umenifurahisha kwa jambo moja: umegeuza rimu ukasoma kilichoandikwa mgongoni. Wengi huniandikia "nina rimu za nyota, zinang'aa", halafu wanataka niwape dawa.

Ila kabla ya huko kusugua, kuna kitu hukukisema, na ndicho kinachoninyima raha. Umefungia bolti zipi? Benzi hiyo haina stadi zilizotokeza na nati zake. Ina bolti zinazoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachobeba rimu. Bolti za rimu ya chuma ni fupi kwa sababu chuma chenyewe ni chembamba. Rimu ya aluminiamu ni nene pale kwenye tundu. Ukitumia bolti zilezile za zamani, kichwa kitabana, spana itagoma, nawe utaridhika, kumbe uzi ulioingia ndani ya habu ni kidogo tu. Nenda uani sasa hivi. Legeza bolti moja kwa spana, kisha imalizie kwa vidole ukihesabu mizunguko mpaka itoke. Ni M12 yenye hatua ya uzi ya milimita 1.5, kwa hiyo mizunguko minane ni milimita 12, sawa na unene wa bolti yenyewe. Nane na kuendelea, sawa. Ikikudondokea mkononi kwenye mzunguko wa nne au wa tano, gari lisitoke getini hata kwenda dukani kununua sukari.

Na ukishaitoa, itazame kichwani. Bolti za Benzi zina shingo ya mviringo kama nusu ya gololi, nayo hukaa kwenye bakuli lililochongwa ndani ya tundu la rimu. Za gari lako zimechongwa kwa nusu kipenyo cha milimita 12. Benzi za miaka ya karibuni zimehamia bolti za M14, na mviringo nao umekua hadi 14. Hizo rimu zako nazishuku ni za ukoo huo. Kuna namna ya kujua bila kifaa: changanya masizi ya sufuria na grisi kidogo, paka shingo ya bolti, kaza kama kawaida, fungua, chungulia ndani ya bakuli. Ukikuta doa pana limezunguka pote, vimekutana. Ukikuta mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, basi rimu nzima imeshikwa na mistari mitano ya namna hiyo, na kila shimo la barabarani linailegeza kidogo.

Sasa tuje kwenye kusugua.

Mtu akienda kununua rimu huuliza inchi ngapi na matundu mangapi. Majibu ya hayo mawili yanakwambia kama rimu itaingia. Hayakwambii itakaa wapi. Anayeamua itakaa wapi ni kikalio, yaani ule uso wa rimu unaokutana na habu: uko umbali gani kutoka ukingo wa ndani? Umbali huo Wamarekani huuita bekispesi na huupima kwa inchi. Mimi nitauita kina cha nyuma. Wajerumani wao hupima kwa milimita kutoka kikalio hadi mstari wa katikati ya rimu, wakaandika ET. Ng'ombe ni yuleyule, mmoja kamshika pembe, mwingine kamshika mkia.

Kukipima hakuhitaji mashine. Laza rimu kifudifudi juu ya gunia, mgongo ukiangalia juu. Weka rula ndefu ya chuma, au ubao ulionyooka kweli, juu ya ukingo wa ndani kutoka upande huu hadi ule. Shusha tepu kutoka kwenye rula hadi kikalio, usome. Tairi likiwa bado limevalishwa, rula itakaa juu ya tumbo la tairi na kukudanganya, kwa hiyo bora kijana wa pancha alivue kwanza. Usione uvivu hapo.

Mtego uko kwenye upana. Rimu iliyoandikwa 7J haina inchi 7 kutoka ukingo hadi ukingo. Hizo 7 ni pale ndani tairi linapokalia. Kingo zenyewe huongeza karibu nusu inchi kila upande. Ukiipima kwa nje utapata kama inchi 8. Nimeona watu wazima wakigombana kwenye kibanda cha tairi kwa sababu ya inchi hiyo moja, kila mmoja ana tepu yake na kila mmoja yuko sahihi.

Basi chukua kalamu. Rimu ya chuma aliyoiacha baba ni 5½J x 14 H2 ET30 (hiyo H2 haituhusu hapa), ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Upana wake wa nje ni inchi 6.5, sawa na milimita 165. Nusu yake ni 82.5, ongeza ET 30, kina cha nyuma ni milimita 112.5. Upande wa nje, 82.5 toa 30, inabaki 52.5. Hizo mpya: inchi 8 ni milimita 203, nusu yake 101.5. Ongeza 43, kina cha nyuma ni 144.5. Upande wa nje, 101.5 toa 43, unapata 58.5.

Umeona? Kwa nje rimu imesogea milimita 6 tu, upana wa penseli. Ukisimama pembeni unasema imekaa vizuri, mbona haijatokeza hata kwenye madigadi! Kwa ndani imeingia milimita 32. Hizo ndizo zinazosugua, na ziko mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulale chini ya gari. Tairi nalo limenenepa, ndiyo maana usukani ukifika mwisho tumbo lake linatafuta pa kwenda. Kushoto kusugua zaidi ya kulia hakunishangazi kwa gari lililolala miaka sita. Tazama bushi za upande huo kabla hujaendelea na lolote.

Yule wa spesa, hesabu kapatia. Ukiweka milimita 20 unaigeuza ET43 kuwa kama ET23, na rimu ya 7J yenye ET ya namna hiyo inakubalika kwenye W123. Kwa ndani utabaki na nyongeza ya milimita 12 badala ya 32, kwa nje itatokeza 26. Alipokosea ni kwenye chuma. Spesa wanazokuuzia huku ni sahani ya aluminiamu yenye matundu marefu ya kuenea kila gari, unaichomeka kati ya habu na rimu halafu unafunga kwa bolti zilezile. Bolti ambazo pengine zilikuwa zinauma mizunguko mitano, toa milimita 20: hazitauma chochote. Na ukizipata ndefu, sahani nene kiasi hicho imeumeza ule mdomo wa habu wenye milimita 66 na ushee unaoiweka rimu katikati, kwa hiyo rimu inaning'inia kwenye bolti peke yake. Utasikia mtetemo ukifika kasi ya 80, utapeleka kwenye balansi mara tatu, na mashine ya balansi itakwambia tairi halina ubaya. Spesa inayofaa ina mdomo wake mwenyewe, imechongwa kwa 5 x 112 peke yake (matundu matano kwenye duara la milimita 112), na inakuja na bolti zilizozidi kwa urefu ule ule wa spesa. Ukiipata hiyo, pamoja na bolti zenye shingo inayolingana na bakuli, sina ugomvi na wewe.

Wa grenda mwambie asante, akanywe chai. Hilo analoliita bati ni sehemu ya mwili wa gari, na Benzi ya 1982 iliyolala chini ya mwembe imeshaliwa na kutu ya kutosha bila kusaidiwa.

Mdogo wako ndiye amenikumbusha mbali. Mwaka 1999 nilikuwa na Datsun 120Y ya rangi ya maziwa. Nikapata rimu pana, matundu manne kwenye duara la 114.3, zilizotoka kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, na magari hayo rimu zake huwa na kina kirefu sana nyuma. Zikaingia. Zikasugua kidogo kwenye kona kali. Nikajiambia kama mdogo wako: nitakuwa nakata nusu. Na kweli nilikata nusu wiki mbili nzima, mpaka siku nilipokwenda Sengerema kwenye msiba nikiwa na watu wanne na magunia mawili ya mchele. Pale Kigongo, kabla ya kuwa na daraja hili la sasa, ulikuwa unapanda feri. Wewe hukati usukani unavyotaka. Anakata yule kijana mwenye filimbi. "Kata! Kata! Kata yote, mzee!" Gari limelemewa, limezama kwenye springi, mimi nakata yote. Likalia kishindo. Wamama wenye mabeseni ya dagaa wakaruka, mbuzi mmoja akakatika kamba. Ubavu wa ndani wa tairi ulikuwa umeliwa siku zote zile mpaka nyuzi, nami sikuwa nimeuona kwa sababu kwa nje tairi lilikuwa jipya kabisa, hata zile nywele za mpira bado zilikuwepo. Nilibadilisha tairi katikati ya maji, jeki ikiteleza kwenye sakafu ya chuma, abiria wangu wamejipanga kando wakiwa na nguo za msiba. Tulipofika Busisi kijana wa filimbi akanishika bega: "Mzee, pole, ila ungekata kidogo." Sijamsamehe.

Tangu hapo sitoi gari bila kupima nafasi, na kipimo changu ni ugali. Usicheke. Ugali wa udaga, wa muhogo, uliolala, ule unaonata. Finyanga vidonge vya ukubwa wa limau, vifunge kwenye nailoni nyepesi, ubandike pale unapoona patagusana: kwenye bati la ndani ya madigadi mbele na nyuma ya tairi, na kwenye kichwa cha tairodi, fimbo inayogeuza tairi ukikata usukani, mkabala na ukingo wa rimu. Rudisha tairi, shusha jeki, pakia watu wanne wazito. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, gari likitambaa polepole juu ya kitu kama tuta. Pandisha jeki tena, bandua vidonge, vikate katikati kwa kisu, pima palipobonyea zaidi. Kati ya tairi na bati nataka unene wa kidole gumba. Kati ya rimu na tairodi nakubali kidole cha mwisho, kwa sababu vyuma hivyo havitanuki kama tumbo la tairi. Kidonge kikitoboka mpaka nailoni, jibu unalo.

Kwa hiyo ufanyeje? Mimi ningeziuza. Kuna mwenye Benzi mpya Mwanza hii anazitafuta, na laki sita zako hazitapotea zote. Kwa pesa hiyo tafuta rimu za aluminiamu za 6J x 14 ET30 za wakati wa gari lako. Kina chake cha nyuma ni milimita 119, yaani zinaingia ndani milimita 6.5 tu zaidi ya za chuma, na zinakaa kama zilizaliwa humo. Vaa 195/70 R14. Ubavu wa tairi hilo ni asilimia 70 ya upana wake wa 195, yaani kimo cha milimita 136.5. Wa 205/55 R16 uliyonayo ni 113. Karibu milimita 24 za mpira si kitu kidogo kwa mtu anayepanda na kushuka kwenye mawe ya mji huu kila siku. Najua inchi 16 zinapendeza kwenye picha pale Capri Point. Gari zee ninalipenda liwe na ubavu.

Ukikataa kabisa inchi 14, ziko za Benzi kubwa ya W126, 7J x 15 ET25. Vaa 205/60 R15. Kimo cha tairi zima ni karibu sawa na la 195/70 R14, kwa hiyo mshale wa kasi hautakudanganya. Kwa ndani zinaongeza milimita 14, kwa nje 24, basi pima kwa ugali mbele na nyuma. Lakini sikiliza vizuri hapa: W124, Benzi iliyoifuata hiyo yako, ina rimu za inchi 15 zenye sura ileile, visahani vyenye matundu ya duara pembeni, hata muuzaji hawezi kuzitofautisha. Hizo ni 6.5J ET48. Ukipiga hesabu, zinaingia ndani karibu milimita 31, umerudi palepale. Zigeuze kama ulivyogeuza hizi, usome.

Zozote utakazochukua, nunua bolti za urefu wake, kaza kwa nyota na si kwa kuzunguka, nguvu ya Nm 110 kwenye spana ya kipimo, na ukishatembea kilomita 50 rudia kukaza. Za chuma za baba usizitupe. Piga msasa, paka rangi, moja iwe ya akiba kwenye buti ikiwa na bolti zake tano fupi ndani ya mfuko, maana siku ya pancha usiku hutakumbuka kwamba zile ndefu zitapita habu zikagusa breki.

Swali

Fundi, mimi niko Musoma, nina Benzi kama hizo za zamani. Rimu za Toyota Noah zimejaa na ni rahisi. Nimejaribu moja, bolti zote tano zimeshika uzi, ila katikati pamebana. Nikipeleka kwa mchonga vyuma apanue tundu la katikati, kuna ubaya?

Jibu

Upo. Noah ni 5 x 114.3, Benzi ni 5 x 112. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani: Benzi utapata milimita 65.8, Noah 67.2. Tofauti haizidi milimita moja na nusu, ndiyo maana bolti zilishika. Zilishika zikiwa zimeinama, kila moja ikivuta upande wake. Tundu la katikati la Toyota hiyo ni 60.1 na mdomo wa habu yako ni 66 na ushee. Kule kubana ndiko kulikokuokoa, nawe unataka kulipa mtu akuondolee. Kama una kipimo chochote cha rimu ya matundu matano, zidisha umbali wa matundu mawili jirani kwa 1.7, utapata duara lake kwa kukaribia. Kwa kutofautisha 112 na 114.3 lakini, tumia kipimo cha fundi wa kuchonga, tepu ya kushonea haitoshi.

Swali

Shikamoo. Nina Volkswagen ya mgongo wa kobe hapa Bukoba, rimu zake zina matundu matano yaliyo mbalimbali sana. Nimeletewa nne nzuri kutoka Dar, zina matundu manne. Muuzaji anaapa ni za gari hilohilo.

Jibu

Marahaba. Hajakudanganya, ila hajamaliza sentensi. Mgongo wa kobe wa zamani una matundu matano kwenye duara la milimita 205. Kuanzia toleo la 1968 wakahamia manne kwenye duara la 130. Habu na ngoma za breki zako ni za zamani, rimu zako ni za baadaye. Sahani za kugeuza tano kuwa nne zipo, lakini zinasukuma rimu nje, na madigadi za gari hilo zimefungwa kwa bolti tu, tairi likizipiga zinang'oka. Rudisha rimu. Kama muuzaji hataki, mwulize ngoma nne za breki za gari la 1968 na kuendelea anauza bei gani, halafu uniandikie tena ukiwa na mwaka wa gari lako na picha ya habu ya mbele ikiwa imevuliwa tairi.